Kizuizi Kiko Wapi? Somo kutoka Taaluma ya Ulemavu

Ndugu wananchi wa mipakani, katika toleo hili twajifunza kuhusu taaluma ya ulemavu, ambayo leo hufundishwa katika vyuo vikuu. Wengi wa waasisi wake walikuwa watu wenye ulemavu wenyewe.

Mwaka 1976, nchini Uingereza, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo kilitoa waraka uliotenganisha mambo mawili. Kukosa mguu ni hali ya mwili. Kushindwa kuingia ofisini kwa sababu ya ngazi ni kizuizi kilichowekwa na jamii. Mmoja wa viongozi wa chama hicho, Vic Finkelstein, alitumia kiti cha magurudumu, na alikuwa amefungwa kwao Afrika Kusini kwa kupinga ubaguzi wa rangi. Baadaye msomi Mike Oliver aliuita mtazamo huo mfumo wa kijamii wa ulemavu.

Mtazamo huu watuhusu sisi askari. Usiku, askari wa doria aamuru mpita njia asimame. Mtu huyo ni kiziwi. Hasikii, naye aendelea kutembea. Askari akimdhania mkaidi, huenda akamjeruhi au hata kumuua asiye na hatia. Kizuizi hapo si masikio yake, bali ni amri iliyotolewa kwa sauti pekee. Tochi, ishara ya mkono na subira vyaweza kuokoa uhai.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, katika kifungu cha 13, unazitaka nchi wanachama kukuza mafunzo yafaayo kwa polisi na askari magereza. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote ni wanachama. Basi kujifunza ni wajibu wetu, wala si hisani.

Nanyi tunawaomba mtusaidie. Tujulisheni ni nani katika mtaa wenu atahitaji mkalimani, mkikumbuka kwamba lugha ya alama ya upande mmoja wa mpaka huenda isieleweke upande wa pili. Mtu mwenye ulemavu aletapo malalamiko kituoni, msindikizeni akitaka, lakini mwacheni ajieleze mwenyewe.

Wahenga walinena: hujafa hujaumbika. Mlango tunaomfungulia jirani leo, kesho huenda tukauhitaji sisi.