Tukosoane Picha Bila Kuvunjana Moyo



Mwaka jana mama mmoja alituonyesha picha aliyopiga kwa simu akiwa shambani. Mimi nikaropoka, "Mlima uko wapi? Naona mawingu tu!" Watu wakacheka. Hakuleta picha tena miezi mitatu, na kosa lilikuwa langu.

Baadaye nikamwuliza alitaka tuone nini. Kumbe si Mlima Kenya! Ni ukingo wa mto Thuci uliomomonyoka, pale chini ya picha. Ningeanza kwa kuuliza hivyo. Halafu mwambie mwenzako jambo moja la kurekebisha, siyo kumi. Kwake lilikuwa hili: inamisha simu, anga lipungue, na mtu asimame karibu na ukingo tujue kimo chake.

Anayetaka mlima wenyewe aamke mapema. Sisi wa Embu na Meru tuko mashariki yake, basi jua la asubuhi hutoka mgongoni mwetu na kuangaza Batian, mita 5,199. Ikifika saa nne, mara nyingi mawingu yameshafunika.

Nawe unayekosolewa, usikimbilie kujitetea. Sikiliza, kisha urudi mahali pale pale upige tena. Mama yule alirudi. Picha yake ya pili ndiyo tuliyompelekea chifu tulipoomba miche.