Ukikabidhiwa Funguo, Usimalize Kulipa

Mimi ni mkadiriaji majenzi hapa Dar es Salaam, na simu nyingi za wenye nyumba hunifikia baada ya makabidhiano. Choo cha juu kinavujia sebuleni. Vigae ukivigonga vinalia utupu. Ufa umeanzia kona ya dirisha na sasa unaifuata dari. Huwa nauliza kwanza: mkandarasi umeshamlipa zote?

Mkataba wa ujenzi ulioandikwa vizuri una kipindi cha uangalizi, muda ambao mkandarasi lazima arudi kurekebisha kasoro za kazi yake kwa gharama yake. Kwenye nyumba za watu binafsi utakuta miezi 6 imewekwa kwa mazoea. Mikataba ya FIDIC ya mwaka 1999, inayotumika sana kwenye miradi mikubwa, huhesabu siku 365 kama pande mbili hazikutaja muda mwingine.

Miezi 6 siipendi. Nyumba ikikabidhiwa Juni, uangalizi unaisha Desemba, na paa limeonja mvua za vuli tu. Masika ya Machi hadi Mei, ambayo ndiyo mtihani wenyewe, yatakuta kipindi kimekwisha. Kwa hiyo naandika miezi 12, na mkandarasi akinung'unika namwonyesha kalenda.

Lakini kinachomrudisha mtu saiti ni fedha ya zuio. Mkataba ukiwa wa shilingi milioni 120 na zuio likiwa asilimia 5, unakata kidogo kidogo kwenye malipo hadi unabaki na milioni 6. Kwa utaratibu uliozoeleka, nusu unaiachia siku ya makabidhiano, na milioni 3 unazishikilia hadi uangalizi uishe na kasoro zirekebishwe. Hapo ndipo wengi hulegea, hasa mkandarasi akiwa shemeji.

Kasoro ikijitokeza, simu pekee haitoshi. Andika barua, na uiandike hivi: "Bafu la chumba kikuu, ghorofa ya kwanza, linapitisha maji kwenye dari ya sebule upande wa mlango. Tafadhali rekebisha ndani ya siku 14." Weka tarehe, ambatisha picha, na kwenye ufa pigia picha rula ikiwa pembeni. Ukiandika "nyumba inavuja", utajibiwa kwamba ni jasho la bomba.

Usikimbilie kuleta fundi wako. Mwaka 1999 Mahakama ya Rufani ya Uingereza, katika kesi ya Pearce and High dhidi ya Baxter, iliamua kwamba mwenye nyumba asiyempa mkandarasi taarifa hawezi kudai zaidi ya kile ambacho kazi hiyo ingemgharimu mkandarasi mwenyewe kuirekebisha. Mpe taarifa, akipuuza, mpe ya pili ukimweleza kwamba utaleta mtu mwingine na kumkata gharama. Hapo lete fundi, tunza risiti. Kitasa alichovunja mtoto wako usikiingize humo.

Uangalizi ukiisha, kasoro iliyojificha haijasamehewa. Wajibu wa kurudi saiti ndio umekoma, ila madai ya kuvunja mkataba, kwa Sheria ya Ukomo ya Tanzania, yana miaka 6 tangu haki ya kudai ilipoanza.

Kama mkataba wako bado haujasainiwa, tafuta kifungu cha uangalizi leo na uhesabu miezi. Kama masika hayamo, rudisha rasimu irekebishwe.