Kikokotoo cha mwanao: cha kununua na cha kuacha

Usianzie dukani. Anzia kwenye masharti ya mtihani. NECTA inaruhusu vikokotoo visivyoandikiwa programu, na hata hivyo si kwa kila somo. Vile vya bei kubwa vinavyochora grafu, kama TI-84, viache hapohapo kabatini.

Mtoto yuko Form One au Two? Tulia. Basic Mathematics ya Kidato cha Nne imezoeleka kufanywa kwa four figure, yaani majedwali ya hisabati, bila kikokotoo. Aliyezoea kubonyeza tangu mwanzo hufika kwenye logarithimu akiwa mgeni kabisa. Mnunulie kwanza kitabu cha four figure, halafu muulize mwalimu masharti ya mwaka huu, maana mitaala inabadilika.

Kikokotoo kinaanza kurudisha pesa yako kwenye Fizikia na Kemia. Hapo mfundishe kitufe kimoja mapema: EXP (kwenye baadhi ya modeli kimeandikwa ×10ˣ). Namba ya Avogadro inaandikwa 6.02 EXP 23, basi. Wanafunzi wengi huandika 6.02 × 10 EXP 23, na jibu linazidi mara kumi. Alama zinapotea hivyo, na kikokotoo hakina kosa.

Sasa modeli. Kwa anayeelekea masomo ya sanaa, Casio fx-82MS inatosha. Ina sine, logarithimu, vipeo na takwimu. Usiongeze hata shilingi.

Kwa anayeelekea michepuo yenye Advanced Mathematics, kama PCM, PGM au EGM, iruke hiyo. Nunua fx-991MS au fx-991ES PLUS mara moja, akae nayo hadi Form Six. Advanced Mathematics imekuwa na mada nzima ya kutumia kikokotoo, na kwa miaka mingi swali la kwanza la Paper 1 limetoka huko. Familia ya 991 inatatua milinganyo ya kwadratiki, inafanya matriksi na intigrali. fx-82MS haifanyi hata kimoja kati ya hivyo. Wa PCB na CBG wanaosoma BAM (Basic Applied Mathematics) nao watafaidika na 991.

MS au ES PLUS? ES PLUS inaonyesha sehemu na vipeuo kama vilivyo kitabuni, kwa hiyo ni rahisi kuona ulipokosea. Lakini mimi ningeuliza kwanza mwalimu anatumia ipi. Akisema “bonyeza MODE mara tatu, kisha 1”, anazungumzia 991MS. Hapo anaingia EQN, sehemu ya kutatua milinganyo. Kwenye ES PLUS kazi hiyohiyo ni MODE kisha 5. Mtoto mwenye modeli tofauti na darasa zima atahangaika peke yake.

Dukani, usilipe kabla ya kujaribu. Feki ni nyingi, na jina la Casio lililochapwa mbele si ushahidi. Andika 1 + 2 × 3. Kikitoa 9, hicho ni cha kupigia hesabu za genge. Unataka 7. Kisha sin 30. Inatakiwa 0.5. Ukiona −0.988, usikirudishe, kiko kwenye radiani tu. Kirudishe Deg.

Kwa 991, ongeza jaribio moja ambalo wauzaji wengi hawalipendi. Ingia EQN, chagua kwadratiki, weka 1, −5 na 6. Yatoke 3 na 2. Kisipokuwa na EQN kabisa, umeshikishwa 82 iliyovalishwa jina la 991. Mwisho bonyeza kila kitufe na ukwaruze maandishi kwa ukucha. Yakitoka, ondoka.

Kama nyumbani kuna cha kaka yake, kijaribu vivyo hivyo kabla ya kununua kipya. Vikokotoo hivi hudumu. 991 hizi zina sola pamoja na betri ya kidonge, LR44. Namba zikianza kufifia, badilisha betri kabla ya wiki ya mtihani.

Siku moja kabla ya mtihani, afute mipangilio yote: kwenye MS ni SHIFT, CLR, 3, kisha =. Kwenye ES PLUS ni SHIFT, 9, 3, kisha =. Kinarudi Deg na hesabu za kawaida.

Na kama anakaa bweni, chonga jina mgongoni mwa kikokotoo chenyewe. Kwenye mfuniko pekee haitoshi, mifuniko hubadilishwa usiku.