Ghala Limefukizwa: Pima Hewa, Kisha Pima Punje

Mahindi yakishafukizwa kwa vidonge vya fosfini, mwenye ghala huuliza kwanza kama dumuzi wamekufa. Ni wachache wanaouliza sumu iliyobaki ni kiasi gani, na imebaki wapi. Jibu linahitaji vipimo viwili: cha hewa ya ghala na cha punje zenyewe. Kimoja hakiwezi kushika nafasi ya kingine, kwa sababu hewa inaweza kuwa safi kabisa huku kipande cha kidonge kimejificha ndani ya gunia.

Kielewe kwanza kidonge chenyewe. Kile cha kawaida cha alumini fosfaidi kina gramu 3, na kikipata unyevu wa hewa hutoa gramu 1 ya gesi ya fosfini, yaani miligramu 1,000. Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, imeweka kikomo cha miligramu 0.1 ya fosfini kwa kilo ya nafaka. Sasa piga hesabu. Kidonge kizima ambacho hakijatoa gesi yake, kikisahaulika ndani ya gunia la kilo 100, kinabeba sumu mara 100 ya kikomo hicho. Ndiyo maana vidonge havitupwi ovyo katikati ya punje. Huwekwa kwenye trei au vifuko vyake, vinahesabiwa wakati wa kuingia na vinahesabiwa tena wakati wa kutoka.

Fosfini huzuia chembe hai za mwili kutumia oksijeni. Aliyeivuta huanza kwa kuumwa kichwa, kichefuchefu, kutapika na kubanwa kifua; maji yanaweza kujaa kwenye mapafu saa nyingi baadaye, wakati mtu alidhani ameshapona. Haina dawa ya kuiondoa makali. Hospitali humsaidia mgonjwa apumue na moyo uendelee kufanya kazi, basi. Kwa hiyo anayeonyesha dalili atolewe nje mara moja na apelekwe hospitali, hata akisema yuko sawa.

Pua usiitegemee hata kidogo. Ile harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza hutokana zaidi na uchafu ulioambatana na gesi, na inaweza kupotea gesi ingali ipo.

Upimaji wa hewa hufanywa na mfukizaji mwenye cheti, akiwa na barakoa ya gesi. Kipimo rahisi ni mrija mwembamba wa kioo wenye kemikali inayobadilika rangi. Huvunjwa ncha zote mbili, huchomekwa kwenye pampu ya mkono mshale ukielekea pampu, hewa huvutwa mara zilizoandikwa kwenye maelezo, kisha husomwa namba pale rangi ilipokomea. Angalia tarehe ya kuisha muda, na angalia pia kiwango cha mrija. Upo wa kupima gesi nyingi wakati ghala limefungwa, na upo wa kupima gesi kidogo kwa usalama wa watu; ule wa kwanza hauwezi kukuhakikishia usalama. Mashine za kielektroniki ni nzuri, ila ya kiwango kidogo ikiingizwa kwenye gesi kali kihisi chake huharibika na baadaye kitakudanganya.

Pima kwenye pembe, karibu na sakafu, na katikati ya marundo ya magunia. Baada ya kufungua milango na kupunga hewa, funga tena kwa saa kadhaa, kisha rudia, maana punje huendelea kuachia gesi ziliyoifyonza. Kikomo kinachotumika sana kwa mtu anayefanya kazi siku nzima ni sehemu 0.3 katika milioni. Juu ya hapo, wapakiaji wasiingie.

Kwenye punje, kazi ngumu ni sampuli. Choma bambo kwenye magunia ya juu, ya katikati na ya chini, changanya, toa angalau kilo moja. Usiitie kwenye mfuko wa kawaida wa plastiki, kwa sababu gesi itatoroka njiani na majibu yatakuja mazuri kuliko ukweli. Tumia chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, ijaze hadi shingoni, iweke mahali pa baridi, ipeleke haraka. Usiisage; maabara itajua la kufanya. Andika jina la dawa, dozi, tarehe ya kufukiza na ya kufungua.

Kabla ya kupeleka, uliza maabara kama inapima fosfini yenyewe. Nchini Tanzania anza na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, au TBS, shirika la viwango; nchini Kenya anza na KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea. Taja pia dawa ya unga kama iliwahi kutumika, maana ile haiondoki kwa kupunga hewa. Pirimifosi-methili, kwa mfano, hupimwa kivyake, na kikomo chake cha Codex kwenye nafaka ni miligramu 7 kwa kilo.

Unga wa kijivu unaobaki baada ya vidonge kwisha nao ukusanywe wote, kwa kuwa unaweza kuwa na sumu ambayo haijatoka. Mfukizaji ndiye wa kuuharibu, nje, penye hewa, na kamwe usifungiwe kwenye chombo.

Na wewe mwenye magunia kumi nyumbani, achana na vidonge. Chumba chenye mita 3 kila upande, kikitiwa vidonge viwili na kufungwa, kinaweza kufikisha zaidi ya sehemu 50 katika milioni, kiwango kinachohesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Kausha mahindi vizuri, nunua mifuko isiyopitisha hewa, uifunge barabara. Wadudu watakosa oksijeni, na hakuna mabaki ya kupima.