Kitabu Kinaanzia Kiwanjani: Maswali Yenu Kuhusu Vitabu vya Picha vya Michezo

Tangu nianze kuandika vitabu vya picha vya michezo kwa watoto wa Eastlands, Nairobi, maswali hunifuata kila mahali: kando ya uwanja wa Camp Toyoyo pale Jericho, kwenye maktaba ya Kaloleni, hata ndani ya matatu za Jogoo Road. Nimekusanya yale yanayorudi mara nyingi. Msimamo wangu niutaje mapema: mtoto wa mitaa hii huujua mpira kabla hajajua kusoma. Basi kitabu cha michezo kinachomwendea sharti kiujue uwanja wake jinsi anavyoujua mwenyewe, kisha kimfuate palepale anapochezea.

Kwa nini michezo? Si tuna ngano za sungura na fisi za kutosha? (Mzazi, Umoja)

Ngano tunazo, na nazipenda. Lakini angalia nani ametoka katika mitaa hii. McDonald Mariga na mdogo wake Victor Wanyama walikulia Muthurwa, katika nyumba za reli. Dennis Oliech alichezea Mathare United, na mwaka 2003 bao lake dhidi ya Cape Verde liliipeleka timu yetu ya taifa, Harambee Stars, kwenye Kombe la Afrika la 2004. Robert Wangila alijifunza ndondi Muthurwa, akashinda dhahabu ya Olimpiki Seoul mwaka 1988. Mtoto wa Bahati au Shauri Moyo hupita kila siku karibu na mahali watu hawa walipoanzia, na vitabu vya kiwango chake vinavyomwonyesha mahali hapo ni vichache mno. Hilo ndilo linalonitia uchungu. Anajua jina la kila mchezaji wa Arsenal, lakini hajui kwamba kuna aliyeanza kucheza hatua chache kutoka kituo anachoshukia.

Nimeandika hadithi ya mechi nzima, dakika tisini. Kila anayeisoma anasinzia. Nifanyeje? (Kijana mwandishi, Kayole)

Ndugu yangu, mechi nzima haiingii katika kitabu cha picha, na haihitajiki. Chukua tukio moja. Kitabu chetu cha kawaida kina kurasa 24. Kinachoshonwa kwa pini katikati huenda kwa nne nne, kwa sababu karatasi moja ikikunjwa huzaa kurasa nne. Ukiondoa ukurasa wa jina na ule wa haki za uchapishaji, unabaki na mandhari kama kumi na moja za kurasa mbili zinazotazamana. Hiyo ndiyo hadithi yako yote, na maneno yasizidi mia nne hivi. Mengine yote achia picha.

Sasa siri iko kwenye kufunua ukurasa. Nikupe mfano. Tarehe 7 Novemba 2012, Wanyama akiwa na miaka 21 aliifungia Celtic bao la kichwa kutokana na kona dhidi ya Barcelona, na Celtic ikashinda 2-1. Ukiandika tu kwamba kona ilipigwa akafunga, umemaliza, na mtoto hakuhisi chochote. Mimi ningepanga hivi. Kurasa mbili za kwanza: mpigaji ameinua mguu kwenye kibendera, kushoto kabisa. Mandhari inayofuata: mpira peke yake, juu, ukielekea ukingo wa kulia wa karatasi, na chini yake vichwa vya watu vimeinuka. Hakuna neno hata moja hapo. Mpira uko karibu kutoka nje ya kitabu, na mtoto hawezi kujizuia. Mkono wake wenyewe ndio unaofunua. Hapo ndipo anamkuta Wanyama hewani.

Umeona kilichotokea? Mtoto ameshiriki kufunga bao. Kwa hiyo ukishaandika, kunja karatasi tupu, chora hata kwa vijiti, kisha jiulize kila ukingo wa kulia: kuna kitu gani hapa kinachomfanya afunue? Pasipo na kitu, kata. Na usiogope ukurasa usio na neno. Waandishi wengi huogopa.

Binti yangu ni kipa. Vitabu vyote ni vya wavulana. (Mama, Dandora)

Mama, swali lako ni zito, nami ninakuunga mkono kabisa. Mathare Youth Sports Association, tunayoiita MYSA, ilianza mwaka 1987 kwa kuunganisha mpira na usafi wa mtaa: timu inapata alama za ligi kwa kuzoa taka, si kwa mabao tu. Wasichana waliingia rasmi miaka ya mwanzo ya 1990. Doreen Nabwire alipitia huko, na akawa Mkenya wa kwanza wa kike kucheza soka ya kulipwa Ulaya, alipojiunga na Werder Bremen ya Ujerumani. Katika ndondi, Elizabeth Andiego alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kupigana Olimpiki, London 2012. Kule Kariobangi, Boxgirls wamekuwa wakiwafundisha wasichana ngumi kwa miaka mingi.

Lakini kitabu cha binti yako hakihitaji nyota. Kinahitaji ukweli wa jioni yake. Kwa msichana wa Dandora, mpinzani wa kwanza ni saa. Mazoezi yanaanza saa kumi, na kuna maji ya kuchota, kuna mdogo wake wa kubeba, kuna vyombo, kuna giza. Hadithi nzuri iko humo: kipa anayedaka penalti huku jicho moja likiangalia jua linavyoteremka nyuma ya nyumba. Mwandishi atakayemwonyesha kaka yake akiosha vyombo ili dada asichelewe mechi atakuwa amesema jambo kubwa, na wala hatalazimika kulihubiri. Picha moja ya kaka ameinama juu ya karai inatosha.

Nafundisha Gredi ya 3 Makongeni. Nataka kuandika kuhusu Wangila, lakini alikufa kwa sababu ya pigano. Niwaambie watoto? (Mwalimu)

Mwalimu, waambie, ila chagua mahali. Wangila alimaliza fainali ya Seoul kwa kumwangusha Mfaransa Laurent Boudouani, akawa Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya ndondi katika Olimpiki. Miaka sita baadaye, 1994, alifariki Las Vegas kutokana na majeraha ya ulingoni. Kwa msomaji wa miaka sita hadi minane, hadithi yenyewe naimaliza Seoul: mvulana wa Muthurwa, jukwaa, wimbo wa taifa. Kisha ukurasa wa mwisho, nje ya hadithi, naweka maelezo mafupi ya mwandishi kwa lugha nyepesi na ya kweli: alipigana kama bondia wa kulipwa, akaumia, akafa akiwa bado kijana. Mzazi ataamua lini wasome ukurasa ule.

Kuficha kabisa sikubaliani nako. Watoto wa Eastlands wamezika majirani, wanajua kifo. Watakapokuja kusikia kwingine kwamba shujaa wako alikufa na wewe ulinyamaza, hawataamini kitabu chako cha pili. Jambo lingine: kama familia ya shujaa inaweza kupatikana, waone kabla ya kuchapisha. Matukio ya hadharani ni ya wote, lakini wenye huzuni ni wao.

Mchoraji wangu ni hodari, lakini picha zake zinafanana na za vitabu vya ng'ambo. (Mwandishi, Buruburu)

Usimpe maneno tu, mpeleke uwanjani. Akae kwenye mawe ya goli, achore kilichopo: kamba za nguo zinazokata njia ya winga, dimbwi ambalo kila mchezaji anajua pa kulikwepea, watoto wawili wanaogawana jozi moja ya daluga, mmoja wa kulia na mwingine wa kushoto, kila mmoja na mguu wake wa kupigia.

Na mpira wenyewe. Sisi tuliukunja kwa majuala, moja juu ya lingine, tukaufunga kwa kamba hadi ukawa mgumu. Kenya ikapiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017. Mtoto wa miaka saba leo anaukunja kwa matambara, soksi kuukuu na sponji. Mchoraji akiweka majuala ya buluu katika hadithi ya mwaka huu, mtoto atakuwa wa kwanza kuuliza yametoka wapi. Hadithi ikiwa ya mwaka 1995, majuala ni sawa kabisa, na babake akimsomea atatabasamu.

Tahadhari mbili za haraka. Nembo za klabu kama Gor Mahia au AFC Leopards zina wenyewe; ombeni ruhusa, au tumieni rangi bila nembo. Pia andikeni mkataba na mchoraji kabla ya penseli kugusa karatasi: nani anamiliki picha, analipwa mara moja au kwa kila chapa. Nimeona urafiki mzuri ukivunjika kwa sababu ya ukurasa mmoja ambao haukuandikwa.

Kiswahili sanifu au Sheng? (Mwanafunzi wa chuo, Donholm)

Simulizi kwa Kiswahili sanifu chepesi, kelele za uwanjani kwa lugha ya uwanjani. Mtoto akipiga kelele apewe pasi, apige anavyopiga. Ila kama unataka kitabu kiidhinishwe na KICD, taasisi ya mitaala, kwa ajili ya shule, Sheng iwe kidogo mno.

Nitafute mchapishaji au nichape mwenyewe? (Mwalimu mstaafu, Jerusalem)

Mchapishaji mkubwa anategemea soko la shule, na vitabu vya rangi vina gharama; jibu linaweza kuchukua muda mrefu. Ukichapa mwenyewe, nambari ya ISBN unaipata kupitia Kenya National Library Service, na wachapaji wapo Industrial Area na River Road. Omba bei ya nakala mia mbili na ya nakala elfu moja, ulinganishe. Bei ya nakala moja hushuka sana unapoongeza idadi, na hapo ndipo wengi hushawishika kuchapa elfu, kisha maboksi yanalala chini ya kitanda. Anza na chache. Kumbuka pia kwamba sheria ya VAT ya 2013 iliweka kodi ya asilimia 16 kwa vitabu, mzigo ambao naona ni dhuluma kwa mtoto anayejifunza kusoma. Uliza mapema kama bei uliyopewa imejumuisha kodi.

Vitabu ninavyo. Wanunuzi wako wapi? (Wengi wenu)

Maonyesho ya vitabu kule Sarit Centre ni mazuri kwa kukutana na walimu na wachapishaji. Lakini Sarit ni Westlands, na mzazi wa Kaloleni hapandi magari mawili kwenda kununua kitabu kimoja. Mwende mahali alipo. Jarida la Shujaaz, lililoanza mwaka 2010, lilitutangulia kwa somo hili: lilitiwa ndani ya Daily Nation na kuwekwa kwenye vibanda vya M-Pesa, likasomwa na vijana ambao tulikuwa tunaambiwa hawasomi.

Sisi tunao uwanja. Mwezi Desemba mashindano ya Koth Biro huwa pale Umeme, Ziwani, na familia nzima husimama kwenye mstari. Zungumza na waandaaji mapema. Usiweke meza ya vitabu peke yake. Meza haimwiti mtoto. Wakati wa mapumziko kaa chini na watoto kumi, soma kwa sauti ya mtangazaji wa redio, kama tulivyolelewa na sauti ya Leonard Mambo Mbotela akimtangaza mchezaji Joe Kadenge. Ukifika kwenye ukingo wa mpira uliobaki hewani, nyamaza. Wao ndio watakaokuambia ufunue.

Wazazi wengi hawana pesa ya kitabu siku hiyo. Chukua malipo kidogo kidogo kwa M-Pesa, au uza kwa timu: kocha ananunua nakala tatu, zinazunguka kwenye mfuko wa jezi. Na peleka nakala za bure maktaba za Kaloleni na Makadara, matawi ya Maktaba ya McMillan yaliyokarabatiwa na Book Bunk, shirika lililoanza mwaka 2017. Nakala moja ya maktaba inasomwa na watoto wengi, na kila mmoja anayeipenda anakwenda nyumbani kumsumbua mamake. Ukifika, ongea na mhudumu wa sehemu ya watoto, umwombe nafasi ya kusoma Jumamosi asubuhi, kabla mechi hazijaanza. Mchana hutampata mtoto yeyote ndani.