Mafuta Machafu ya Kukaangia ni Malighafi: Somo la Sabuni Lililonigharimu

Leo naongea na wewe unayeuza sabuni kwenye statasi ya WhatsApp, au unayetaka kuanza.

Mimi nipo Musoma. Jioni pale Mwigobero wakaanga samaki wanamaliza kazi, na mafuta yaliyobaki kwenye karai yameshakuwa meusi. Wengine wanayarudia kesho na keshokutwa, wengine wanayamwaga mtaroni, na mtaro unaelekea ziwani. Mimi nilianza kuyanunua. Ya samaki yana shombo, kwa hiyo nikaongeza ya wakaanga chipsi wa Bunda ambayo harufu yake ni nafuu. Mengi yalikuwa ya alizeti.

Nilinunua dumu la lita 20 kwa shilingi 24,000. Nikayachuja, nikayachemsha na maji ya chumvi, nikaacha yatulie mpaka uchafu ukazama chini. Nilibaki na lita 17. Hapo hesabu ya kwanza wengi tunaikosa: lita moja haikuwa 1,200 tena, ilishafika kama 1,410. Takataka haijawahi kuwa ya bure, unailipia kwenye kile kinachopungua.

Kosa kubwa lilikuja kwenye kostiki soda. Kipimo changu kilikuwa gramu 130 kwa kilo moja ya mafuta. Mimi nikachukua lita 17 nikazihesabu kama kilo 17, nikaweka gramu 2,210. Sasa mafuta ni mepesi kuliko maji, lita moja ina uzito wa kama kilo 0.92. Lita zangu 17 zilikuwa kilo 15.6 tu, zikitaka gramu 2,030 hivi. Ile ziada haikupata mafuta ya kushikana nayo, ikabaki humo humo kwenye mche. Na kwa haraka zangu nikauza baada ya wiki moja.

Mama mmoja wa Butiama akaniandikia: "Mwanangu, sabuni yako imenichubua mikono." Akatuma na picha. Nilimrudishia hela yake, nikawapigia wote walionunua, na mzigo mzima nikaurudisha kwa bodaboda kwa gharama zangu. Mteja wa mtandaoni hakuoni uso, anachokijua kwako ni ile picha uliyopost.

Kwa hiyo nunua mzani wa jikoni wa kidijitali kabla hujanunua dumu. Pima kila kitu kwa gramu, sio kwa kikombe. Na pima mafuta baada ya kuyapasha moto maji yakaisha, la sivyo unapima maji.

Sufuria zetu nyingi ni za aluminiamu, na kostiki inaila aluminiamu mpaka inatoa gesi inayowaka. Tumia ndoo nzito ya plastiki au chuma cha pua, na mwiko wa mti. Kostiki ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya kostiki, inachemka na kukurukia usoni. Glavu, miwani, nje kwenye upepo, watoto mbali. Mimi natumia maji gramu 330 kwa kilo ya mafuta. Koroga mpaka iwe kama uji mzito, mimina, kesho yake kata, halafu acha wiki nne. Sabuni ya alizeti tupu huwa laini, ukichanganya na mawese inakaza.

Kuna walioniuliza kwa nini nisitengeneze dizeli. Kweli inawezekana. Mwaka 1900 kwenye maonyesho ya Paris injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na leo Ulaya mafuta yaliyokwisha kukaangia yanauzwa kwa ajili hiyo hiyo. Vietnam wamewahi kutumia mpaka mafuta ya samaki wa viwandani. Lakini hapo unahitaji methanoli, ambayo ni sumu ya kupofusha na inashika moto haraka. Sio kazi ya uani kwangu. Niachieni sabuni.

Turudi kwenye hela. Tuseme mafuta 24,000, kostiki 10,000, usafiri 6,000, vifungashio 5,000, gesi na glavu 3,000. Jumla 48,000. Ukipata vipande 96 vya gramu 200, kila kimoja kimekugharimu 500, na jasho lako halimo. Anayeuza 500 anawafulia watu bure. Na hizo gramu 200 zipime baada ya kukauka, maana sabuni mbichi inapungua uzito njiani na mteja anao mzani wake.

Mafunzo yapo SIDO, na ukitaka alama ya TBS, anza kwa kuwauliza SIDO hao hao utaratibu wa wajasiriamali wadogo.

Post yangu siku hizi inasomeka hivi: "Sabuni ya kufulia, sio ya kuogea. Imetokana na mafuta yaliyotumika kukaangia, yamesafishwa. Gramu 200 ikiwa kavu. Imetengenezwa tarehe hii, imeanza kuuzwa tarehe hii." Nilidhani neno "yaliyotumika" litawakimbiza. Yule mama wa Butiama ndiye aliyeagiza wa kwanza, vipande sita.