SOMO LA VIJANA: KASHA LILIPOVUJA



Katika somo la leo tunataka kujibu neno ambalo tumelisikia mara nyingi hapa kambini. Kijana akianguka mtihani, au akikosa nafasi ya kuendelea na shule, anasema: "Nisome kwa faida gani, nami sina makaratasi?" Neno hili si la kucheka. Sisi wenyewe tumelisema. Basi tuangalie habari ya vijana wanne walioishi katika hali inayofanana na yetu.

HABARI YENYEWE

Mwaka 2004, katika mji wa Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani, vijana wanne wa shule ya sekondari ya Carl Hayden walitengeneza roboti ya kuzama majini. Majina yao ni Oscar Vazquez, Cristian Arcega, Lorenzo Santillan na Luis Aranda. Wote walizaliwa Mexico, na wengi wao hawakuwa na kibali cha kuishi Marekani. Walimu wao, Fredi Lajvardi na Allan Cameron, waliwaandikisha katika mashindano ya MATE, tena katika kundi la vyuo vikuu. Waliona kwamba kushindwa na wakubwa si aibu.

Vijana hao walichanga dola kama 800. Wenzao wa chuo maarufu cha MIT walikuwa na zaidi ya dola 10,000. Roboti yao waliiunganisha kwa mabomba ya plastiki, yale ya kupitishia maji. Gundi yake ilinuka sana, ndiyo maana wakaiita Stinky, maana yake "anayenuka".

Mwezi wa Juni walifika Santa Barbara, California. Walipoizamisha Stinky katika bwawa ili kuijaribu, mambo yakaharibika. Haikutii mikono yao, kwa sababu nyaya nyembamba zilikuwa zimeachia. Tena kasha lenye betri na mitambo ya umeme lilikuwa linavuja. Maji yakigusa umeme, kazi ya miezi yote imekwisha.

Muda wa kuunda kasha jipya haukuwapo. Wakagawana kazi. Wengine wakalala ili kesho yake waweze kujibu maswali ya waamuzi, na wengine wakakesha wakilehemu nyaya upya, mmoja mmoja. Kuhusu maji, Lorenzo alitoa wazo: tutafute kitu cha kuyanyonya. Akaenda dukani, na kwa haya nyingi akamwomba mama mmoja amsaidie kuchagua pamba ambazo wanawake hutumia wakati wa hedhi. Wakazipanga ndani ya kasha. Zikanyonya maji, na mitambo ikabaki mikavu.

Siku ya mashindano hawakuwa wa kwanza ndani ya maji. Lakini waamuzi walihesabu pia taarifa iliyoandikwa na jinsi kila timu ilivyoeleza kazi yake kwa mdomo. Hesabu zote zilipojumlishwa, vijana wa Carl Hayden walishika nafasi ya kwanza, na MIT ya pili.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, hawakuuliza kosa ni la nani. Waliuliza ni nini kimeharibika, na nani atashika kazi ipi. Mara ngapi sisi tunapoteza usiku mzima kwa lawama!

Pili, Lorenzo hakuzuiwa na haya. Kuomba msaada kwa mtu anayejua zaidi si udhaifu.

Tatu, walijua kueleza kazi yao. Kijana anayetengeneza redio au baiskeli hapa kambini ajizoeze pia kuandika na kusema amefanyaje.

BAADA YA USHINDI

Hatutaki kuwadanganya. Ushindi ule haukuwapa makaratasi. Mwaka 2006 wapiga kura wa Arizona walipitisha sheria iliyowanyima wasio na kibali karo nafuu ya wakazi wa jimbo, na Cristian akalazimika kuacha chuo kikuu. Oscar alimaliza uhandisi mwaka 2009, akarudi Mexico kwa hiari yake ili aombe viza kwa njia halali. Akaambiwa asirudi Marekani kwa miaka kumi. Seneta Dick Durbin alimtetea, na mwaka 2010 akaruhusiwa kurudi. Baadaye akawa askari wa jeshi la Marekani.

Kwa hiyo hatusemi kwamba mwenye bidii hufunguliwa kila mlango. Tunasema kwamba mlango ulipofunguka kidogo, Oscar alikuwa na elimu yake mkononi. Afisa anaweza kukunyima muhuri. Hawezi kukunyang'anya kile ambacho umeshajifunza.

Wazazi, kijana wako akirudi nyumbani ameshindwa, usimwambie "nilijua tu". Mkalishe, mpe chakula, kisha muulize: "Kasha limevuja wapi?"

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Je, ni kazi gani uliyoiacha baada ya kushindwa mara moja? Ni nini hasa kilichoharibika?
2. Hapa kambini nani anaweza kukusaidia, nawe unaona haya kumwomba?
3. Sisi wazazi tufanye nini ili kijana asiye na makaratasi asikate tamaa ya kujifunza?